Nina elfu tisini, nataka mbwa wa nguruwe pori

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mkulima wa viazi na mahindi huku Isongole, Rungwe, na shamba langu limepakana na msitu. Nina miaka 29, mke, na mtoto wa miaka miwili. Nakuandikia kuhusu mbwa, usinicheke.

Nguruwe pori wamenimaliza. Mwezi wa nne, mahindi yakiwa na maziwa, waliingia usiku mmoja tu wakalaza kama robo eka. Nguruwe anavunja mabua kumi ili apate hindi moja. Mchana nyani wanakuja kumalizia, na kwenye viazi nungunungu anafukua kama ana jembe. Nililala kibandani wiki tatu nikigonga debe mpaka mke wangu akasema nimeoa debe. Wiki ya kwanza walikimbia, ya pili walisimama kusikiliza, ya tatu walikuwa wanakula huku mimi nagonga.

Nimeamua kutafuta mbwa wa kuwinda. Vijana wa hapa wana mbwa wao, Jumamosi wanaingia msituni kufanya msako, na wameniambia nikipata mbwa mzuri nijiunge nao, nyama tunagawana. Shida ni hela. Nimeuza viazi, nimelipa deni la mbolea, nimebakiwa na 90,000 ambayo naweza kusema hii ni ya mbwa. Nimezunguka na mpaka sasa nimepata njia tatu.

Ya kwanza, kuna jamaa nimempata kwa simu. Anasema yuko Tunduma na ana watoto wa Ridgeback kutoka Zambia, mbwa wanaowinda simba. Bei ni 350,000 lakini kwangu atafanya 180,000. Nitume nusu sasa hivi kwa simu, nusu nyingine nikimpokea mbwa stendi ya Uyole. Picha alizonitumia ni nzuri mno. Hela inayopungua ningekopa kwenye kikundi cha mke wangu (yeye bado sijamwambia).

Ya pili, mwalimu mmoja alihamishwa akaacha mbwa wake, dume la miaka kama miwili. Anazurura kwenye nyumba za walimu, watu wanamtupia makombo. Ana mwili mzuri, lakini alifungwa mnyororo muda mrefu na ukimsogelea anarudi nyuma. Huyu ni bure.

Ya tatu, mama mmoja mzee jirani yetu, jike lake limezaa wiki ya kwanza ya Julai, watoto watano. Ni mbwa koko wa kawaida, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala. Anagawa bure, na majike ndiyo hayana mtu. Nikimtaja watu wananicheka. Sijui, maana mama yule shamba lake liko karibu na msitu kuliko langu na mwaka huu alivuna yote, ila mbwa wake hata umbo hana.

Baba yangu mdogo anasema yeyote nitakayemchukua nimlishe bangi na nyigu ili awe mkali. Mke wangu anaogopa mbwa ataleta kichaa kwenye nyumba yenye mtoto, tena anauliza atakula nini.

Nimchukue yupi, na hela yangu itatosha?

Mkulima wa kando ya msitu

NB: Jina tumeshindwana. Mimi nataka Simba. Mke wangu anataka Watajiju.

*

Marahaba, mpwa wangu. Sikucheki. Watakaocheka ni hao wasomaji wengine, ambao wakiona Mhehe wa Mafinga anaulizwa habari za mbwa wanashika mbavu. Utani huo wa Wahehe kula mbwa nimeusikia tangu darasa la kwanza. Leteni mpya.

Swali lako umelijibu mwenyewe kwenye barua, kisha ukapita bila kusimama. Umeandika kwamba yule mama analima karibu na msitu kuliko wewe na mwaka huu alivuna yote. Halafu ukaendelea kulalamikia sikio la mbwa wake. Nguruwe pori wale wale waliolaza robo eka yako walikuwa na njia fupi zaidi ya kwenda kwake, na hawakwenda. Unadhani walimwonea huruma kwa sababu ya uzee? Kuna kiumbe mmoja wa rangi ya udongo pale ambaye wamemfahamu, na watoto wake watano unapewa bure. Nenda kwa huyo mama kesho asubuhi.

Ila sitaki uende kwa kuniamini mimi. Nenda ukahakikishe. Muulize mama mbwa wake analala wapi usiku: nyumbani, kibandani, au anazunguka shamba mwenyewe? Akisikia kitu anabweka amesimama, anakimbilia giza, au anajificha nyuma ya mama? Ameshawahi kuumia? Kuku wa mama yuko nao vipi? Omba ulale pale usiku mmoja, hata kama viazi ndiyo kwanza vinachipua na hakuna cha kuibwa. Jike linalonyonyesha halitazunguka sana, lakini utaliona linavyoinua kichwa. Mimi nikitaka mtoto wa mbwa namwangalia mama yake kwanza, na baba yake kama anajulikana (mara nyingi hajulikani, na usilazimishe). Watu wengi wanatazama mtoto tu, wanampenda kwa macho, wanaondoka naye. Mtoto wa mwezi mmoja na nusu hawezi kukuambia lolote kuhusu nguruwe. Mama yake anaweza.

Sasa huyo wa Tunduma. Ridgeback ni mbwa wa kweli, si hadithi. Walizaliwa kusini mwa Afrika, kutokana na mbwa wa Wakhoikhoi wenye ule mstari wa manyoya mgongoni uliogeukia mbele, wakachanganywa na mbwa wa walowezi. Vigezo vya uzao huo viliandikwa Bulawayo, Zimbabwe ya leo, mwaka 1922. Na ni kweli walitumika kwenye uwindaji wa simba, ila kazi yao haikuwa kumuua simba. Walimzunguka na kumsumbua asiondoke mpaka mwenye bunduki afike. Wewe huna bunduki wala simba. Tena huyo ni mbwa mkubwa mwenye manyoya mafupi, anayekula kama mtu mzima, na unataka kumpeleka kwenye baridi ya Isongole ya mwezi wa saba.

Hayo nimeyasema kama kweli huyo mbwa yupo. Mtu aliyeshusha bei kutoka 350,000 mpaka 180,000 kabla hujaomba, anayetaka nusu kwa simu, na ambaye hutaki mkeo amjue, anakuuzia mbuzi kwenye gunia, na nina wasiwasi hata gunia lenyewe halipo. Ukitaka kumjaribu mwambie hivi: nina ndugu yangu Tunduma, atapita leo jioni amwone mama wa hao watoto, akiridhika atalipa zote papo hapo. Mwuzaji wa kweli atakupa mtaa. Huyo wako atakumbuka kwamba yuko safarini.

Nayasema haya kwa uchungu wa mtu aliyelipa ada. Miaka ya nyuma nilinunua mtoto wa mbwa mjini kwa mtu aliyeniapia kwamba ni uzao wa mbwa wa polisi. Nilitoa hela yote niliyokuwa nayo, nikarudi Mafinga nimempakata kwenye koti kama mwanangu. Wiki ya tano akaanza kutapika, kisha kuhara damu yenye harufu ambayo mpaka leo pua yangu haijaisahau. Daktari wa mifugo alisema ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa watoto wa mbwa, akaniuliza kama alichanjwa. Nilikuwa nimemaliza hela kwenye mbwa, nikakosa ya chanjo. Alikufa siku ya tatu. Wiki hiyo hiyo jirani yangu alikuwa na mbwa wake wa kienyeji, aliyepewa kwa kubadilishana na jogoo, amelala juani anajikuna.

Ndiyo maana nasema elfu tisini yako inatosha, tena vizuri, ilimradi isiishie kwenye kununua.

Turudi kwa mama. Watoto wamezaliwa wiki ya kwanza ya Julai, kwa hiyo wiki nane zinatimia mwishoni mwa Agosti au siku ya kwanza ya Septemba. Usimwondoe kabla ya hapo hata kama mama anataka nafasi. Wiki za mwisho kwa mama na ndugu zake ndizo anajifunza kung'ata kwa kiasi, na kwako wewe mwenye mtoto wa miaka miwili hilo lina maana kuliko meno yenyewe. Lakini anza kwenda sasa, mara mbili tatu kwa wiki, ukae tu chini. Watajizoesha harufu yako na wewe utaona tabia zao.

Ukikaa, tazama. Yule anayekuja mbio kila siku na kupanda juu ya wenzake anavutia, wengi humchagua. Mimi huwa namwachia mwingine, huyo atataka kukutawala na wewe. Anayebaki kona ya nyumba akitetemeka naye namwacha. Namtaka yule anayeshtuka sufuria likidondoka, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anakuja kulinusa. Huyo ana hofu ya kumtunza hai na udadisi wa kufanya kazi. Mfunue ufizi: uwe wa waridi, usiwe mweupe kama karatasi, maana weupe ni dalili ya kukosa damu, na kwa watoto wa mbwa chanzo mara nyingi ni minyoo, viroboto au kupe. Tumbo lililojaa kama ngoma wakati mbavu zinahesabika ni minyoo pia. Hilo linatibika, usimkatae kwa hilo peke yake. Macho yasiwe na usaha, sehemu ya nyuma iwe kavu na safi. Mnyanyue, mlaze chali mkononi mwako. Atahangaika kidogo kisha atulie. Asiyetulia kabisa ni kazi.

Chukua jike. Najua vijana wa Jumamosi watasema dume ndiyo mbwa. Dume likisikia harufu ya jike lenye joto kijiji cha tatu litakuachia mahindi usiku wa manane, litarudi baada ya siku nne limechanika sikio. Jike linakaa. Tatizo lake unalijua, mara mbili kwa mwaka linapata joto, na mimba yake ni miezi miwili tu na siku chache, ndiyo maana huyo mama hana wa kumpa. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya kuhusu kumfunga uzazi. Wakati mwingine gharama inapungua kama mko wengi. Kama haiwezekani, wiki zile tatu za joto umfungie ndani kweli kweli, siyo kwa kamba ya katani.

Halafu usimchukue bure. Bibi yangu alikuwa hakubali mbwa wa bure, alisema mbwa asiyelipiwa hajui kwake ni wapi. Mpe mama elfu kumi, au kuku, au siku moja ya kupalilia. Yeye ndiye atakayekuambia mwezi wa kumi na moja kwa nini mbwa wako hali, na ushauri wake utauhitaji kuliko wangu.

Yule wa mwalimu amenikaa moyoni. Mbwa wa aina hiyo wapo wengi huku kwetu. Mtumishi amehamishwa, meneja wa mashamba ya chai amemaliza mkataba, mstaafu amefariki, mbwa anabaki kwenye nyumba iliyofungwa akisubiri gari lisilorudi. Mtu asiye na hela anayetafuta mbwa mkubwa tayari aanzie hapo: aulize kwa mtendaji wa kijiji, kwa bwana mifugo, kwa walinzi wa kota. Hajui kuwinda, lakini umeshaliona umbo lake lote na tabia yake yote, hakuna kubahatisha. Kwa mtu asiye na mtoto mdogo ningesema mchukue huyo na umwache wa mama. Kwako hapana, si sasa. Mbwa aliyefungwa mnyororo muda mrefu na anayerudi nyuma akiona mkono, siku moja mtoto atamkuta kwenye kona ambayo haina nyuma ya kurudi.

Unaweza kufanya hivi: mpelekee chakula kila jioni, kaa mbali, usimguse, usimwangalie machoni. Baadaye kama atakuja mwenyewe na kula miguuni pako, mweke kwenye kibanda cha shamba, si nyumbani, apate chanjo yake, na uone. Na akishindikana, kuna mzee yeyote anayeishi peke yake pale kijijini atakayemfaa. Mjulishe bwana mifugo kwamba yupo, kwa sababu mbwa asiye na mwenyewe ndiye anayesahaulika siku ya chanjo.

Sasa msako, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

Umeniandikia mambo mawili kama ni moja. Unataka mahindi yako yapone, na unataka kwenda Jumamosi na vijana. La kwanza linahitaji mbwa anayekaa. La pili linahitaji mbwa anayeondoka. Mbwa aliyezoea kukimbiza msituni mchana hawezi kuambiwa usiku kwamba leo kazi ni kusimama ukingoni na kubweka. Atawafuata nguruwe mpaka ndani, na nguruwe pori akibanwa anageuka. Meno yake ya chini yanajinoa kwa kusuguana na ya juu kila anapofunga mdomo. Nimeona mbwa aliyepasuliwa tumbo na nguruwe pori huko Mufindi, mwenye mbwa alikuwa anashikilia matumbo kwa shati. Mbwa mmoja hawezi nguruwe. Kazi yake ni kukuamsha wewe na kuwafanya wao waone shamba la jirani lina utulivu zaidi (samahani kwa jirani).

Hapo ndipo debe lako lilipokosea. Debe linalia mahali pamoja, kwa mdundo mmoja, na halina harufu. Nguruwe ana akili, alilipima wiki tatu akaligundua. Mbwa anahama. Leo yuko kona ya juu, kesho yuko mtoni, na anakojoa kila mahali anapopita.

Kuna sheria pia. Kuwinda mnyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, hata kama silaha yako ni mbwa na rungu. Na msitu wa huko kwenu si pori la kijiji. Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, na ukivuka upande wa Livingstone unaingia Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Vijana wanaposema "tunaingia msituni kidogo tu" wanamaanisha huko.

Na hao "nyani" wako wa mchana, umewaangalia vizuri? Kama kuna mwenye manyoya marefu ya kahawia yanayoelekea kijivu, nywele zimesimama utosini kama jogoo, na sauti yake ni kama honi inayobweka, huyo ni kipunji. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote, watafiti walimwona mwaka 2003 hapo hapo Rungwe na dunia ikatangaziwa 2005. Anapatikana Rungwe na Kitulo, na kipande kidogo cha Ndundulu kule Udzungwa, basi, duniani kote. Anashuka kula mahindi pembezoni mwa msitu, ndiyo, nakubali hasara ni yako. Lakini kundi la mbwa halijui kutofautisha kipunji na nyani wa kawaida. Kama mbwa wako anamfukuza mpaka kwenye mti wa mpakani na anarudi ukimwita, hakuna atakayekulaumu. Anayemkamata ni kesi.

Kwa hiyo somo la kwanza la mtoto wako wa mbwa ni kurudi akiitwa. Anza siku ya kwanza. Kila anapokula, piga mluzi uleule kabla ya kuweka bakuli. Baada ya mwezi mluzi huo utamtoa hata kwenye mbio. Zunguka naye mpaka wa shamba kila asubuhi na kila jioni, njia ileile, huku ameshikwa kamba. Akibweka kwa kitu cha kweli, mpe kipande cha dagaa. Akibweka kuku wako, mwambie hapana na umwondoe, usimpige; mbwa anayepigwa akibweka hujifunza kunyamaza, na huyo hana kazi kwako. Mahindi yakifika maziwa mwezi wa tatu na wa nne atakuwa na miezi minane au tisa. Hatakuwa mtu mzima, lakini sauti atakuwa nayo. Msimu huo wa kwanza lala naye kibandani. Kama mama atakubali, waache jike lake na mwanaye wazunguke pamoja usiku mmoja mmoja. Hakuna mwalimu wa kumshinda mama huyo.

Bangi na nyigu: mwambie baba yako mdogo shikamoo, na usifanye. Bangi inamlevya mbwa, anayumba na kujikojolea, nguruwe atamkuta amelala. Nyigu watamvimbisha koo. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Ukali anauchukua kwa mwenyewe anavyotembea naye, hauwekwi kwenye ugali.

Mkeo yuko sahihi, tena yeye ndiye mwenye swali zito kuliko lako. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna hospitali itakayomrudisha. Lakini ndiyo ugonjwa ambao chanjo ya mbwa inauzuia kwa uhakika mkubwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Hesabu nawe: aliyezaliwa wiki ya kwanza ya Julai anatimiza wiki kumi na mbili mwishoni mwa Septemba, na 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, wakati ambao halmashauri nyingi hufanya kampeni za chanjo, mara nyingi bure au kwa bei ndogo. Muulize bwana mifugo wa kata sasa hivi, usisubiri tangazo la msikitini au kanisani. Kama hakuna kampeni, chupa ya chanjo hiyo huwa inatosha mbwa kadhaa, mara nyingi kumi, na ikishafunguliwa haiwekwi. Wewe, mama, na hao vijana wa Jumamosi wenye mbwa zao mkijikusanya kumi, mnachangia chupa moja na nauli moja ya daktari. Hiyo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote nitakazokupa leo, na itakupa sababu ya kukaa na vijana bila kuingia msituni.

Na mkeo ajue hili hata kama mbwa wenu amechanjwa, maana wa jirani huenda hajachanjwa: mtoto aking'atwa au hata kukwaruzwa, kidonda kioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya mtu. Msiweke majivu, wala msisubiri kuona kama mbwa ataugua. Mate yake yanaweza kubeba ugonjwa siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote.

Hela sasa. Kumi ya mama. Tenga kama thelathini na tano ya chanjo ya kichaa pamoja na ile ya mchanganyiko inayokinga parvo na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa), ambayo hutolewa zaidi ya mara moja kati ya wiki ya sita na ya kumi na sita. Vijijini haipatikani kirahisi, agiza Mbeya mjini au Tukuyu kwa daktari anayeibeba kwenye barafu, siyo kwa konda wa daladala. Kumi ya dawa ya minyoo, kila wiki mbili mpaka miezi mitatu, baadaye kila miezi mitatu, kwa sababu minyoo ya mbwa humwingia na mtoto anayecheza kwenye udongo. Dawa ya kupe na viroboto, tano au zaidi kidogo. Banda usinunue: mabanzi ya mbao huko hayana bei, liinue juu ya ardhi, mlango uwe mdogo usioelekea upepo, ndani weka maranda makavu na uyabadilishe. Baridi ya huko inaua watoto wa mbwa kimya kimya. Zitakazobaki, karibu elfu thelathini, ziweke kwenye kibubu kilichoandikwa mbwa, na usiziguse mpaka siku atakaporudi amejaa miiba ya nungunungu mdomoni. Siku hiyo itakuja.

Chakula: ugali wa dona uliopikwa ukaiva na usipa wa Kyela (dagaa wa Ziwa Nyasa), vichwa na vumbi la chini ya gunia, ambavyo muuzaji wa sokoni Tukuyu atakupa kwa bei ya chini. Maziwa kidogo kama mna ng'ombe. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka kama sindano. Na ukipata utumbo au mapafu ya bure machinjioni, chemsha sana, usimtupie mabichi, hasa yenye malengelenge ya maji; hayo yana tegu wachanga watakaokaa kwa mbwa, kisha mayai yao yaje kwenu.

Deni la kikundi cha mkeo, kwa kuwa halijakopwa, sitamwambia.

Jina. Simba wapo kila kijiji kuanzia Igurusi mpaka Kyela. Ukimwita jioni watakuja watano. Na kwa hao wanaokucheka kwa sababu ya mbwa koko mwenye sikio moja, hebu fikiria usiku wa mwezi wa nne unapiga kelele kwa nguvu zako zote, kijiji kizima kinasikia: Watajiju! Watajiju! Msikilize mkeo.